Walter Travis: Mzee aliyebeba kombe la Waingereza kwa fimbo ya kuazima

Kisiwani Songo Songo, wilayani Kilwa, hakuna uwanja wa gofu. Kuna mpira wa miguu unaopigwa mchangani, kuna wavuvi wa pweza, na kuna gesi iliyogunduliwa mwaka 1974 ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Ukiitaja gofu pale kijiweni watu watakwambia huo ni mchezo wa wakubwa, wa Gymkhana na Lugalo huko mjini.

Lakini mvuvi wa Songo Songo analijua jambo moja ambalo wachezaji wa gofu wamelibishania kwa zaidi ya miaka mia moja. Anajua kwa nini ngalawa haipinduki ovyo kama mtumbwi. Mtumbwi mwembamba ukiegemea upande kidogo tu, unayumba na wewe. Ngalawa ina zile mbao mbili zilizotandazwa pembeni, kushoto na kulia, mbali na katikati. Wimbi likipiga upande mmoja, mbao zinalikatalia. Unakosea kidogo, chombo kinakusamehe.

Mwaka 1904 mzee mmoja wa ndevu alisafiri ugenini hadi England akiwa na fimbo zake za gofu. Mambo yalipomwendea kombo akaazima fimbo nyingine, yenye kichwa kilichotengenezwa kwa akili inayofanana na ile ya ngalawa. Akawafunga mabingwa wa huko mmoja baada ya mwingine, akabeba kombe lao, akaondoka nalo. Miaka sita baadaye fimbo ile ikapigwa marufuku.

Jina lake Walter Travis. Habari yake inamfaa hata shabiki wa Simba na Yanga ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu, maana ina kila kitu tunachokijua: mechi ya ugenini, mapokezi mabaya, wenyeji wenye majina makubwa, na kelele za kanuni baada ya mechi kwisha.

Alianza akiwa mtu mzima

Travis alizaliwa Januari 10, 1862 Maldon, mji wa wachimba dhahabu katika jimbo la Victoria, Australia. Hakukulia kwenye gofu. Akiwa na miaka 24, mwaka 1886, alitumwa New York kuiwakilisha kampuni ya Australia iliyouza vifaa vya ujenzi. Huko akaoa, akachukua uraia wa Marekani, akaendelea na biashara. Michezo aliipenda, ila gofu aliiona kama upuuzi wa kufukuzana na kampira porini.

Mwaka 1896 akiwa safarini Uingereza alipata habari kwamba rafiki zake wa New York wanataka kuanzisha klabu ya gofu. Akanunua seti ya fimbo shingo upande, ili asije akaachwa nje ya kundi. Oktoba mwaka huo, kwenye uwanja wa Oakland kule Long Island, alipiga mpira wake wa kwanza wa gofu. Zilikuwa zimebaki kama miezi mitatu atimize miaka 35.

Fikiria hapo. Katika soka mwenye miaka 35 anaulizwa atastaafu lini. Huyu bwana ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kushika fimbo. Hakuwa na kocha. Alinunua vitabu, akasoma, akatoka nje akajaribu, akarudi kusoma tena. Alifanya mazoezi kama mtu aliyechelewa na anayejua kwamba amechelewa.

Mwaka 1898, miaka miwili tu tangu aanze, alifika nusu fainali ya ubingwa wa Marekani kwa wachezaji wa ridhaa. Akatolewa na Findlay Douglas. Mwaka 1899 akafika tena nusu fainali, akatolewa na Douglas yuleyule. Mwaka 1900 wakakutana fainali kwenye uwanja wa Garden City, nyumbani kwa Travis, na safari hii mzee akashinda. Akachukua ubingwa tena 1901 na 1903. Vijana wenye nguvu walianza kumwita Mzee, na halikuwa jina la utani la kumdharau. Walikuwa wamechoka kufungwa naye.

Silaha yake ilikuwa nini? Si nguvu. Kwa kupiga mbali alikuwa wa kawaida, na mara nyingi mpinzani alimwacha nyuma hatua nyingi kutoka mpigo wa kwanza. Yeye alikwenda katikati ya uwanja bila kupotea, na akifika kwenye grini, yale majani yaliyokatwa chini kabisa kuzunguka shimo, alikuwa muuaji.

Nusu ya mchezo iko hapa

Kwa msomaji ambaye gofu kwake ni ngeni, ngoja liwekwe sawa. Uwanja kamili una mashimo 18, na uwanja wa kawaida hupangiwa mapigo 72. Katika hesabu hiyo kila shimo limetengewa mapigo mawili ya kuputi, yaani kuusukuma mpira uviringike kwenye grini hadi uingie shimoni. Mara mbili kwa mashimo 18 ni 36. Nusu ya mchezo mzima.

Shimo lenyewe lina upana wa sentimita 10.8, na mpira wa leo una kipenyo cha karibu sentimita 4.3. Nafasi siyo kubwa. Mpigo wa mita mbili unaonekana rahisi kama penalti inavyoonekana rahisi ukiwa jukwaani. Mpira umetulia, hakuna beki, hakuna anayekukimbiza. Tatizo ni mikono na moyo. Kama penalti, wanaokosa si wale wasiojua kupiga. Wanakosa kwa sababu mguu, au mkono, ulitetemeka kidogo wakati wa kugusa mpira.

Fimbo za kuputi za zamani zilikuwa na kichwa chembamba kama bapa la kisu, na mpini umechomekwa pembeni kabisa, kisiginoni. Ukiugonga mpira katikati ya bapa, unakwenda unakotaka. Ukiugonga pembeni kidogo, kichwa kinajipinda mkononi, mpira unatoka njiani na unapungua mwendo. Fimbo ya namna hiyo ni mtumbwi. Fundi hodari anaipenda kwa sababu inamwambia kila kosa, lakini haina huruma.

Mtu wa umeme wa Schenectady

Dawa ililetwa na mhandisi. Arthur Knight alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya umeme ya General Electric katika mji wa Schenectady, jimbo la New York. Kuputi kulimshinda, akaamua kutengeneza fimbo yake mwenyewe. Kichwa akakifanya kipana, cha aluminiamu, kilichoenda nyuma mithili ya nyundo, na mpini akausogeza karibu na katikati badala ya kisiginoni.

Mantiki ni ya fundi, si ya mganga. Uzito ukitandazwa mbali na katikati, kichwa kinakuwa kigumu kupindishwa. Mpira ukigonga pembeni bado kichwa kinakwenda karibu vilevile, na mpira unafuata njia karibu ileile. Kosa halifutiki, linapungua. Ni zile mbao za ngalawa zimehamia kwenye fimbo.

Travis aliiona fimbo hiyo mwaka 1902, akaitumia kwenye mashindano ya wazi ya Marekani pale Garden City, akamaliza akigawana nafasi ya pili na mwenzake. Kwa mchezaji wa ridhaa aliyeshindana na wachezaji wa kulipwa, hiyo haikuwa kazi ndogo. Mwaka 1903 Knight akapewa hataza ya uvumbuzi wake, na fimbo ikajulikana kwa jina la mji ule: Schenectady.

Ugenini, 1904

Mwaka huo soka nayo ilikuwa na habari yake. Mei 21, 1904 FIFA ilizaliwa Paris, na England haikuwemo miongoni mwa waanzilishi. Waingereza walikuwa na imani kwamba michezo ni yao, kanuni ni zao, na makombe ni yao. Ubingwa wao wa gofu wa ridhaa ulikuwa haujawahi kuchukuliwa na mtu kutoka Marekani.

Travis akaenda. Alikuwa na miaka 42. Akafanya mazoezi Scotland, na huko akagundua kwamba kuputi kwake kumekufa. Yule muuaji wa kwenye grini alikuwa hawezi kuingiza mpira. Akafika Sandwich, kusini mashariki mwa England, uwanja wa Royal St George's, akiwa katika hali hiyohiyo.

Mapokezi nayo hayakumfurahisha. Kwa maelezo aliyoyaacha mwenyewe, hakupewa kabati la kuwekea vitu vyake, na wenyeji hawakuonyesha hamu ya kucheza naye mazoezi. Mbeba fimbo aliyepangiwa hakumridhisha hata kidogo, na alipoomba abadilishiwe alikataliwa. Wengine wamesema baadaye kwamba Travis naye alikuwa mkimya na mgumu, mtu wa kuvuta sigara kubwa nyeusi na kuzungumza kwa nadra, hivyo baridi ilitoka pande zote mbili. Huenda. Lakini mchezaji wa ugenini anayejiona hatakiwi ana njia mbili tu: kuvunjika au kukasirika vizuri. Huyu alikasirika vizuri.

Ndipo rafiki mmoja katika kundi la Wamarekani waliosafiri pamoja akamshauri ajaribu fimbo yake ya kuputi, Schenectady. Travis akaiazima. Akaijaribu, na mipira ikaanza kuingia.

Kilichofuata wenyeji hawakukitarajia. Akamtoa Harold Hilton, mtu aliyekuwa bingwa wa mashindano ya wazi ya Uingereza mara mbili na wa ridhaa mara mbili. Akamtoa Horace Hutchinson, bingwa wa miaka ya nyuma mara mbili na mwandishi mwenye heshima kubwa katika gofu. Fainali akakutana na Edward Blackwell, Mskoti mwenye nguvu za kutisha, mmoja wa watu waliopiga mbali kuliko wote zama zile.

Ilikuwa mechi ya mashimo 36. Blackwell anapiga, mpira unapotea machoni. Travis anapiga, mpira unatua nyuma mbali. Kisha mzee anapiga wa pili, taratibu, mpira unafika grini. Halafu anatoa ile fimbo yenye kichwa cha ajabu, anasimama miguu imekaribiana, kifua kimetulia, na mpira unaingia. Shimo baada ya shimo. Watazamaji, waliomshangilia Blackwell kwa sauti, mipira ya mzee walikuwa wanaiangalia kimya. Mechi ikaisha Travis akiongoza kwa mashimo manne huku yamebaki matatu tu ya kuchezwa. Kombe likapanda meli.

Kanuni ikabadilika

Mwaka 1910 klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews, waliokuwa wasimamizi wa kanuni nje ya Marekani, wakatangaza kwamba fimbo zenye kichwa cha nyundo haziruhusiwi. Schenectady ikaingia kwenye marufuku hiyo.

Marekani watu wakawaka. Wakasema Waingereza wameshindwa uwanjani, sasa wanashinda mezani. Maneno hayo yanaishi mpaka leo, na shabiki wa soka hatashangaa: timu ikifungwa kisha kanuni ikabadilika, nani atakubali kwamba ni bahati mbaya tu?

Ila haki itendeke. Mabadiliko yale hayakuanzia Sandwich. Swali lilitoka kwa klabu moja ya New Zealand, iliyotaka kujua kama mchezaji anaruhusiwa kuputi kwa nyundo ya mchezo wa krokei. Wakubwa wa St Andrews walipolijibu, wavu wao ukavua na fimbo ya Travis. Na ulikuwa umepita muda wa miaka sita tangu lile kombe. Anayetaka kuamini kisasi ataamini, lakini ushahidi uliopo unaelekeza New Zealand.

Wamarekani hawakuifuata marufuku. Kwa zaidi ya miaka 40 fimbo moja ilikuwa halali upande mmoja wa bahari na haramu upande wa pili, mpaka pande mbili zilipokaa pamoja mwaka 1951, wakaandika kanuni moja iliyoanza kutumika 1952. Nyundo ikarudi. Leo kanuni inaruhusu mpini wa fimbo ya kuputi kuchomekwa popote kichwani. Kinachotakiwa ni kichwa kiwe kirefu zaidi kwa upande kuliko kwenda nyuma, na kisizidi inchi saba.

Shimo alilojichimbia

Baada ya 1904 Travis hakukaa kula sifa. Mwaka 1908 alianzisha jarida la American Golfer na kuliongoza kwa miaka mingi. Alichora na kurekebisha viwanja, kikiwemo cha Garden City. Huko alichimba mashimo ya mchanga yenye kina kirefu, akiamini mpigo mbovu lazima uadhibiwe. Basi mwaka huohuo wa 1908, nusu fainali ya ubingwa wa Marekani ikichezwa palepale Garden City, mpira wake ukazama kwenye shimo la mchanga la namba 18, kazi ya mikono yake mwenyewe. Akatolewa na kijana Jerome Travers. Adhabu aliyowawekea wenzake ilimkuta yeye.

Hakuacha. Mwaka 1915, akiwa na miaka 53, alishinda ubingwa wa ridhaa wa eneo la New York, akamaliza fainali kwa kuingiza mpira wa mbali kwenye grini ya mwisho.

Kuna kisa kingine kinachoeleza ni mtu wa namna gani. Mwaka 1916 kijana wa miaka 14 aitwaye Bobby Jones, anayecheza vizuri lakini anayeputi ovyo, alipangiwa afundishwe na Travis. Kijana akachelewa. Mzee akaondoka zake. Ilimchukua Jones miaka minane kupata nafasi ya pili. Mwaka 1924 Travis alimkalisha darasani kule Augusta, akamrekebisha namna ya kusimama na kushika fimbo: miguu ikaribiane, mikono miwili ifanye kazi kama mmoja. Mwaka 1930 Jones alichukua makombe yote manne makubwa ya wakati ule ndani ya mwaka mmoja.

Na Jones alitumia fimbo gani? Ile ya bapa jembamba, mpini kisiginoni. Mwanafunzi wa bwana wa nyundo aliendelea na mtumbwi wake, na ukamfikisha.

Kuchagua fimbo ya kuputi

Hapo ndipo maisha ya Travis yanamfaa anayesimama leo dukani, Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, akitazama safu ya fimbo za kuputi zenye vichwa vikubwa kama pasi ya mkaa. Wauzaji watamwambia zinasamehe. Ni kweli, zinasamehe, lakini zinasamehe kosa moja: kuugonga mpira pembeni ya katikati. Hazisamehi kuelekeza fimbo kusiko, wala kusoma vibaya mteremko wa grini, wala woga.

Kwa hiyo apime. Alaze mpini kwenye kidole mpaka fimbo itulie. Uso wa fimbo ukitazama juu, hiyo inamfaa anayevuta mkono moja kwa moja nyuma na mbele. Ncha ikining'inia chini, inamfaa ambaye mkono wake unachora upinde. Kisha asimame kama atakavyocheza, macho yawe juu ya mpira au karibu yake. Fimbo ikiwa ndefu mno itamsogeza mbali, ikiwa fupi itamkunja mgongo. Atazame mstari uliochorwa juu ya kichwa, kama unamsaidia kulenga au unamchanganya. Mwisho apige mipira ya mita mbili akiigonga makusudi upande wa ncha, halafu upande wa kisigino. Ile ambayo mpira unabaki karibu na njia, hiyo ndiyo ngalawa yake.

Jina la bingwa aliyetumia fimbo fulani aliache kabatini. Glavu za kipa mkubwa hazijawahi kumfanya mtu kipa. Travis mwenyewe alikuwa bingwa wa Marekani mara tatu kabla ya Sandwich. Fimbo ile ilimkuta mtu aliyekwisha fanya kazi kwa miaka minane, ikamwondolea tetemeko dogo la siku mbaya. Bila ile kazi, ingekuwa kipande cha aluminiamu tu.

Walter Travis alifariki Julai 31, 1927 mjini Denver, akiwa na miaka 65. Alizikwa Manchester, jimbo la Vermont, mji wenye uwanja wa Ekwanok alioshiriki kuuchora. Mwaka 1979 jina lake liliingizwa kwenye jumba la heshima la gofu duniani. Fimbo za kichwa cha nyundo, zilizokuwa haramu St Andrews kwa miongo minne, sasa ziko kwenye mifuko ya mabingwa kila wiki, na hakuna anayezicheka.